Kabla ya Kupima Mgongo, Pimeni Jembe



Katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za mishahara, likizo, nyumba za kambini, na wenzetu wanaofukuzwa kazi bila barua. Hayo ni mambo makubwa na hayana budi kuendelea kuandikwa. Lakini lipo dai moja ambalo kila mfanyakazi wa shamba na wa kiwanda analibeba mwilini mwake, na mpaka leo halijapata kiti katika meza ya majadiliano. Dai lenyewe ni maumivu: ya kiuno, ya mabega, ya magoti, ya viganja. Mkata miwa anayo. Mchuma chai anayo. Mpakia magunia anayo. Mama anayekaa mbele ya cherehani zamu nzima anayo. Sisi wenyewe huyaita uchovu, au uzee, au baridi ya usiku. Zahanati za kazini huyatibu yote kwa vidonge viwili na neno la kumhimiza mtu arudi kazini.

Sasa imeingia elimu ambayo inadai kuyajua maumivu hayo kwa namna nyingine. Wataalamu huiita bayomekanika, yaani elimu ya nguvu na mwendo wa mwili. Mtu huumwa bega. Badala ya kuambiwa avue shati na kuguswa tu, anaambiwa afanye kazi yake kama kawaida huku akipigwa picha za sinema kutoka ubavuni. Alama hubandikwa penye bega, nyonga, goti na kifundo cha mguu, ili mwendo wa kila kiungo uonekane na kupimwa. Katika hospitali kubwa za ng'ambo kuna hata bamba la chuma sakafuni linalopima nguvu ya mguu unapokanyaga, na nyaya za kupima umeme wa misuli inapokaza. Siku hizi hata simu ya mkononi yenye programu maalumu inaweza kuchora mistari ya mifupa juu ya picha ya mtu anayetembea. Na viko vidude vya kufungwa kiunoni au begani ambavyo huhesabu mara ngapi mtu ameinama kwa siku. Katika maghala ya Marekani na Ulaya waajiri wamekwisha kuvinunua.

Maoni yangu ni haya. Elimu hii ni nzuri, na mfanyakazi anaihitaji kuliko mwanamichezo. Lakini ina makali pande mbili kama upanga. Ikipima kazi, inamponya mfanyakazi. Ikimpima mfanyakazi peke yake na kuiacha kazi, itamtia hatiani, naye atatoka katika chumba cha daktari akiwa ameandikwa kwamba anaumwa kwa sababu hajui kuinama.

Tuanze na uzuri wake, maana hesabu yake si ngumu na kila mmoja wetu anaweza kuielewa. Mgongo hufanya kazi kama mtaimbo. Misuli inayokunyoosha iko nyuma ya uti wa mgongo, karibu sana, umbali wa kama sentimita 5 tu kutoka katikati ya pingili. Mzigo unaoubeba uko mbele, na ukiwa umenyoosha mikono unaweza kuwa sentimita 50 mbele. Umbali wa mzigo ni mara kumi ya umbali wa misuli. Kwa hiyo ili kushika sanduku la kilo 20, misuli ile inalazimika kuvuta kwa nguvu ya kilo 200. Nguvu hiyo yote inazikandamiza pingili za kiuno na gegedu laini zilizo baina yake. Sogeza sanduku lile lile liwe sentimita 25 kutoka mwilini, na mvuto unashuka mpaka kilo 100. Uzito wa sanduku haukubadilika hata chembe. Kilichobadilika ni mahali lilipowekwa. Na hapo bado hatujauhesabu uzito wa kiwiliwili chenyewe, ambacho mtu akiinama ni mzigo hata kama mikono yake ni mitupu.

Tangu hesabu hiyo ijulikane, swali la nani ameweka sanduku mahali pale haliwezi tena kukwepwa. Si mpakiaji. Ni aliyejenga rafu, aliyeagiza meza, aliyepanga foleni ya magunia sakafuni badala ya juu ya jukwaa.

Taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia usalama na afya kazini, NIOSH, ilitoa kanuni ya kuinua mizigo mwaka 1981 na kuirekebisha mwaka 1991. Inaanza na kilo 23. Huo ndio uzito wa juu unaoshauriwa, tena hali zote zikiwa nzuri kabisa: mzigo uko karibu na mwili, uko usawa wa kiuno, una mahali pazuri pa kushika, mtu hapindi kiuno, na hainui mara kwa mara. Kila hali ikiharibika, kilo zinapunguzwa. Chukua gunia la kilo 50 lililolala sakafuni, liko sentimita 50 mbele ya vifundo vya miguu ya mpakiaji, naye anatakiwa kulipandisha mita moja huku akijipinda upande nusu ya pembe mraba. Nimeifanya hesabu yake kwa kalamu. Kilo 23 zinashuka mpaka chini kidogo ya 7. Gunia ni kilo 50, kanuni inasema 7, na bado hatujahesabu kwamba mtu huyo huinua magunia mangapi kwa saa.

Tena tukumbuke kwamba gunia la kahawa la kuuzwa nje ni kilo 60. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 127 mwaka 1967, unaosema mfanyakazi asilazimishwe wala asiruhusiwe kubeba kwa mikono mzigo ambao kwa uzito wake unaweza kuhatarisha afya yake. Pendekezo lililofuatana na mkataba huo lilitaja kilo 55 kwa mwanamume mtu mzima, na kwa wanawake uzito mdogo zaidi ya huo. Gunia la kahawa limepita hata kipimo hicho cha zamani, ambacho kwa elimu ya leo chenyewe ni kikubwa mno.

Hayo ndiyo mazuri yake. Sasa tutazame upande wa pili, kwani kupima mwendo wa mfanyakazi hakukuanza kwa ajili ya kumtibu.

Mwaka 1889 wataalamu wawili wa Kijerumani, Braune na Fischer, walitoa kitabu juu ya kitovu cha uzito wa mwili wa binadamu. Walikuwa wamezigandisha maiti kwa baridi na kuzipima. Sababu ilikuwa nini? Ilikuwa kujua namna ya kumpakia askari wa miguu vifaa vyake. Mwaka 1899, katika kiwanda cha chuma cha Bethlehem huko Marekani, Frederick Taylor aliwapima wapakiaji wa vipande vya chuma kwa saa mkononi. Kwa maandishi yake mwenyewe, mtu mmoja aliyekuwa akipakia tani 12 na nusu kwa siku alifikishwa tani 47. Mshahara wake ulitoka dola 1.15 kwa siku ukawa dola 1.85. Kazi ilipanda karibu mara nne, na malipo hayakufika hata mara mbili. Anayejua kugawanya agawanye mwenyewe.

Akaja Frank Gilbreth, ambaye alianza kama mwashi wa matofali, na huyu nampa heshima kidogo zaidi. Aliutazama mwendo wa mwashi na kuona kwamba kuweka tofali moja kunachukua mienendo 18. Akaipunguza ikawa 5. Alibuni jukwaa la kupandishwa kadiri ukuta unavyopanda, lenye mahali pa kuwekea matofali usawa wa mikono, ili mwashi asiinamishe mwili wake wote chini kwa ajili ya tofali moja dogo. Hilo ni jambo jema kwa kiuno cha mtu yeyote. Lakini mwashi aliyekuwa akiweka matofali 120 kwa saa sasa alitakiwa kuweka 350. Kiuno kilipumzika, mkono ukaanza kulia. Hivyo ndivyo elimu hii inavyokuwa ikiwa faida yake yote inakwenda upande mmoja.

Wafanyakazi hawakunyamaza. Mwezi wa Agosti 1911 wasubu wa kiwanda cha silaha cha serikali huko Watertown, Massachusetts, waliacha kazi pale mwenzao alipokataa kupimwa kwa saa na kufukuzwa. Malalamiko yao yalifika Bunge la Marekani, na miaka michache baadaye bunge hilo likakataza fedha za viwanda vya jeshi zisitumike kulipia upimaji wa aina hiyo. Nawataja si kwa sababu nataka tuzivunje kamera. Nawataja kwa sababu waliuliza swali ambalo na sisi hatuna budi kuuliza kila mtu anapokuja na chombo cha kupimia: kipimo hiki kitasomwa na nani, na kitafanya nini baada ya kusomwa?

Mfano ulio bora kuliko yote ninaoujua ni wa jembe, tena jembe ambalo ndugu zetu wa palizi watalitambua mara moja. Huko California, katika mashamba ya saladi na ya biti za sukari, vibarua, wengi wao wakiwa Wameksiko na Wafilipino, walikuwa wakipewa jembe la mpini mfupi. Wenyewe waliliita kwa Kihispania el cortito, yaani kale kafupi. Mpini wake ulikuwa na urefu wa sentimita 60 au pungufu. Kwa jembe hilo haiwezekani kusimama. Mtu anainama toka asubuhi, kichwa kiko karibu na magoti, anatembea hivyo hivyo mstari baada ya mstari, akipunguza miche iliyozidi na kuondoa magugu.

Wenye mashamba walisema mpini mrefu utaharibu mimea, kwamba kibarua anahitaji kuwa karibu ili aone mche wa kubaki na mche wa kutoka. Lakini ilikuwako sababu nyingine iliyojulikana na kila mnyapara. Kwa jembe fupi, anayefanya kazi ameinama, aliyesimama anapumzika. Mnyapara aliweza kutazama shamba zima kwa mara moja na kujua nani wa kufokewa. Kuunyoosha mgongo likawa kosa la kazini.

Mwaka 1972 mawakili wa shirika la msaada wa sheria kwa watu wa mashambani, akiwamo Maurice Jourdane, walipeleka ombi kwa idara ya usalama kazini ya California, wakitaka jembe hilo lipigwe marufuku. Madaktari walitoa ushahidi juu ya kile kinachotokea kwa pingili za mtu anayeinama hivyo miaka nenda miaka rudi. Vibarua wenyewe pia walisimama wakaeleza. Idara ilikataa mwaka 1973. Hoja yake, ndugu zangu, inafaa kukaririwa, maana tutaisikia tena: sheria ilikataza vifaa vya hatari, na idara ilisema kifaa cha hatari ni kile kilichovunjika au kibovu. Jembe fupi halina ufa. Mpini wake ni imara. Kwa hiyo si la hatari.

Mwezi wa Januari 1975 Mahakama Kuu ya California ilisema idara imekosea. Kifaa kinaweza kuwa kizima kabisa na bado kikawa cha hatari, ikiwa kukitumia kama kilivyokusudiwa kunamuumiza mtu. Miezi michache baadaye, mwaka huo huo, jembe fupi lilikatazwa. Vibarua walipewa mpini mrefu, na mashamba ya saladi ya California hayakufa. Yanauza saladi mpaka leo.

Angalieni lililofanyika pale. Daktari angeweza kumchukua kila kibarua mmoja mmoja, akampima, akampa mazoezi ya kunyoosha kiuno na mkanda wa kufunga tumboni, kisha akamrudisha kwenye jembe lile lile. Angekuwa ametibu, na angekuwa hajatibu. Badala yake uchunguzi wa mwendo ulitoka kwa mtu ukaenda kwenye kifaa. Mpini uliongezwa urefu, na maelfu ya migongo ikapata nafuu bila kumezwa kidonge hata kimoja.

Tuje karibu zaidi. Wachuma chai wa Kericho, jirani zetu wa Kenya, zaidi ya elfu moja, walifungua madai ya pamoja katika mahakama ya Scotland dhidi ya kampuni ya chai iliyosajiliwa huko. Walisema wameumia migongo na viungo kwa sababu ya kuchuma siku nzima wakiwa na vikapu vizito mgongoni. Kampuni iliyakana madai yao. Mwaka 2022 mahakama iliwaruhusu kwenda kwa pamoja, na mwaka 2023 jaji alisema mahakama yake ina mamlaka ya kuwasikiliza. Kisha majaji wa rufani waliisimamisha kesi, wakitaka kwanza njia ya fidia ya Kenya ifuatwe. Sitatoa hukumu juu ya kesi ambayo si yangu. Nasema tu kwamba mchuma chai akisimama mbele ya jaji kudai mgongo wake, jambo la kwanza atakaloulizwa ni ushahidi: kikapu kilikuwa na kilo ngapi, ulitembea nacho umbali gani, uliinama mara ngapi kwa siku, miaka mingapi. Mambo hayo hayaandikwi katika kitabu cha mshahara, wala mwajiri hatayaandika bila kushurutishwa. Yakipimwa na kuandikwa mapema, hakuna atakayeweza kuyafuta.

Na kupima kwenyewe hakuhitaji mitambo. Miaka ya 1970 katika kiwanda cha chuma cha kampuni ya Ovako huko Finland, wahandisi na wafanyakazi walibuni njia ya kuandika mikao ya kazi iitwayo OWAS, ambayo ilitangazwa mwaka 1977. Inatumika mpaka leo, na uzuri wake ni kwamba inahitaji kalamu, karatasi na saa ya kawaida. Unamtazama mtu akifanya kazi, na kila baada ya muda mfupi, tuseme nusu dakika, unaandika tarakimu nne. Ya kwanza ni ya mgongo: 1 umenyooka, 2 umeinama, 3 umepinda au kujikunja upande, 4 umeinama na kupinda kwa pamoja. Ya pili ni ya mikono: 1 yote iko chini ya mabega, 2 mmoja uko juu, 3 yote iko juu. Ya tatu ni ya miguu, nayo ina hali saba, kutoka kukaa, kusimama, kuchutama, kupiga magoti mpaka kutembea. Ya nne ni ya mzigo: 1 ni chini ya kilo 10, 2 ni kati ya kilo 10 na 20, 3 ni zaidi ya kilo 20. Mwisho wa saa moja una safu ya tarakimu inayoonyesha ni sehemu gani ya kazi mgongo ulikuwa umeinama na kupinda huku umebeba.

Karani yeyote wa tawi anaweza kujifunza kazi hiyo kwa mchana mmoja. Mwanachama aliyemaliza shule ya msingi anaweza. Msidhani mnahitaji profesa kutoka ng'ambo. Anayeijua kazi ndiye anayejua wapi pa kutazama. Mtaalamu anaweza kufika shambani saa nne asubuhi jua likiwa pole na wachumaji wakiwa bado na nguvu, akapima, akaondoka akiwa ameridhika. Mwanachama anajua kwamba saa ya hatari ni ile ya jioni, gari la kupimia majani linapochelewa na kila mtu anakimbilia mzani. Hiyo ndiyo saa ya kupima.

Nisieleweke vibaya kana kwamba kila maumivu yana jawabu katika mwendo. Hapana. Mwaka 2018 jarida la madaktari la Lancet lilitoa mfululizo wa makala juu ya maumivu ya kiuno duniani. Yalieleza kwamba kwa wagonjwa walio wengi haiwezekani kuonyesha kiungo kimoja na kusema hiki ndicho kinachouma. Kwamba kumpiga kila mtu picha za eksirei si lazima. Na kwamba kulala kitandani siku nyingi kunadhuru kuliko kusaidia. Usingizi mbaya, hofu ya kupoteza kazi na mawazo ya karo za watoto nayo huongeza maumivu. Mwili si winchi. Watu wawili huinama sawasawa, mmoja akaumwa na mwingine asiumwe. Kwa hiyo yule anayekuja na kamera yake akisema ameona pembe ya goti lako na sasa anajua kila kitu, mwacheni aseme, lakini msimwamini kwa yote.

Shauri la kutolala kitandani nalo lina mtego. Mwajiri akilisikia atasema: basi, daktari amesema uendelee kutembea, nenda kapakie magunia. Sivyo lilivyokusudiwa. Kuendelea kutembea ni kuendelea na kazi nyepesi na shughuli za kawaida mpaka nguvu irudi, na kazi nyepesi hiyo haina budi kuwako kweli, yenye mshahara ule ule, imeandikwa katika mkataba wa hali bora. Mahali ambapo haijaandikwa, mwenye kiuno kibovu anachagua kati ya gunia na njaa.

Zipo dalili ambazo hazingoji kipimo chochote. Mtu mwenye maumivu ya mgongo akipata ganzi sehemu za siri au mapajani kwa ndani, akashindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, mguu ukaishiwa nguvu, au maumivu yakaja pamoja na homa na kukonda, huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kiongozi wa tawi asikubali aambiwe arudi kesho.

Liko jambo moja zaidi ambalo waajiri wanalipenda mno, nalo ni semina ya namna ya kuinua. Mnaitwa ukumbini, mnaonyeshwa picha ya mtu anayekunja magoti na kunyoosha mgongo, mnapewa soda, mnatia sahihi kwamba mmefundishwa. Mwaka 2011 shirika la Cochrane, linalokusanya na kuchuja tafiti za tiba, lilichapisha uchunguzi wa tafiti zilizofanywa juu ya mafunzo ya aina hiyo kwa wafanyakazi. Lilikuta kwamba kuwafundisha na kuwashauri watu namna ya kubeba hakukuzuia maumivu ya mgongo kuliko kutofanya lolote. Wala haishangazi. Mtu anayelipwa kwa kilo au kwa tani hana nafasi ya kukunja magoti kwa kila kifurushi. Na gunia lililoko sakafuni litabaki sakafuni hata baada ya semina. Lakini ile sahihi inabaki katika faili, na siku mtu atakapoumia itatolewa kuthibitisha kwamba alifundishwa na hakusikia. Nendeni kwenye semina, soda kunyweni, lakini kabla ya kutia sahihi ombeni iandikwe kwenye karatasi hiyo hiyo uzito wa gunia na kimo cha jukwaa.

Na vile vidude vya kufungwa kiunoni, nina wasiwasi navyo zaidi kuliko saa ya Taylor. Taylor ulimwona amesimama. Kidude hukioni kinapoandika. Kinaweza kumwonyesha tabibu kwamba zamu fulani inamwinamisha mtu mno, na hilo ni jema. Kinaweza vile vile kumwonyesha mwajiri nani ametulia dakika tano nyuma ya ghala, na nani ameanza kuchechemea na huenda atadai fidia, ili mkataba wake usirudishwe. Hiyo ni jembe fupi kwa sura mpya: mnyapara anatazama shamba zima kwa mara moja.

Mwezi wa Juni 2022 Mkutano wa Shirika la Kazi Duniani uliingiza mazingira salama na yenye afya kazini katika haki za msingi za mfanyakazi, mahali pamoja na haki ya kujiunga na chama na marufuku ya kazi ya kulazimishwa. Hapa Uganda tuna Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006. Kenya wana yao ya mwaka 2007, Tanzania ya mwaka 2003. Sheria zipo. Lakini mkaguzi wa serikali akija mara moja kwa miaka kadhaa na kukuta mitambo ina vifuniko na moto una mitungi yake, ataandika kwamba mambo ni mazuri, kwa kuwa hakuna kilichovunjika. Hataona gunia. Gunia halina ufa.

Kwa majadiliano yajayo ya mkataba wa hali bora napendekeza matawi yapeleke mambo yafuatayo mezani, na viongozi wasikubali yahamishiwe kwenye kamati ya ustawi, ambako madai mengi huenda kulala. Upimaji wowote wa mwendo wa mfanyakazi ufanyike pamoja na upimaji wa kifaa, meza, gunia na kiwango cha kazi, na taarifa ya pande zote mbili ikabidhiwe kwa tawi. Kipimo cha mwili wa mtu kiwe mali yake na ya tabibu wake. Kisiingie ofisi ya utumishi, na kisitumiwe kamwe kupanga kiwango cha kazi wala kumpunguza mtu. Mahali kipimo kinapoonyesha kwamba kifaa ndicho kinachoumiza, kifaa kibadilishwe kwa muda uliotajwa kwa tarehe. Na ikiwa kubadilisha huko kutaongeza kazi inayotoka, kama jukwaa la Gilbreth lilivyoongeza matofali, basi ongezeko hilo lijadiliwe kama ongezeko lolote la tija, malipo yake yajulikane kabla mpini mpya haujashikwa.

Wakati tunangoja, kila tawi lichague kazi moja, ile ambayo wenyewe mnajua inawalaza watu, na watu wawili waipime kwa njia ya OWAS siku tatu, asubuhi na jioni. Andikeni tarehe, zamu, hali ya hewa, uzito wa mzigo kama ulivyosomwa kwenye mzani na si kama ulivyochapwa kwenye gunia. Karatasi zifanywe nakala mbili: moja ibaki kwa katibu wa tawi, ya pili iletwe makao makuu kabla majadiliano hayajafunguliwa.